Mashine Inayojenga Ukuta: Fundi Wetu Atakula Wapi?

Somo letu la leo ni la ujenzi. Tutazungumza juu ya zege, na juu ya mashine mpya inayojenga ukuta wa nyumba bila mtu kushika mwiko. Mashine hii si hadithi ya abunuwasi. Imejenga shule katika nchi ya Malawi, na imejenga nyumba za kuishi Kilifi, pwani ya Kenya. Habari zake zinapofika kijijini watu huuliza swali moja: je, fundi wetu atakula wapi?

Swali hilo ni la haki. Katika mkoa wetu wa Tabora wako vijana wengi ambao tumbaku na mahindi yakishavunwa hushika mwiko na timazi wakatafute kibarua cha kujenga. Wako na wazee waliosomesha watoto kwa kazi hiyo hiyo. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kuna mashine inayojenga kuta za shule kwa siku moja, lazima ashtuke. Basi tusikimbilie kushangilia, wala tusikimbilie kuogopa. Kwanza tujifunze. Asiyejua jambo hawezi kulipangia bei.

Soma polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho wa somo yako maswali ya kujadili pamoja.

1. UKUTA WA TABAKA KWA TABAKA

Karibu na mji wa Tabora ipo Kwihara. Pale lipo tembe ambalo wageni wengi huja kuliangalia. Katika mwaka 1872 Dakta Livingstone alikaa hapo kwa miezi kadhaa, akisubiri wapagazi wake kabla ya kuanza safari ambayo hakurudi. Tembe lililopo sasa limejengwa upya kwa kufuata lile la zamani. Kuta zake ni nene, ni za udongo, na ndani yake mna ubaridi hata jua likiwa kali.

Wazee wetu walijengaje ukuta wa udongo? Walikanyaga udongo kwa maji mpaka ukawa kama ugali. Wakaweka tabaka la kwanza kuzunguka nyumba nzima. Wakaliacha lishike. Kisha wakaweka tabaka la pili juu yake, na la tatu, mpaka ukuta ukafika kimo cha paa.

Kazi hiyo ilikuwa na siri zake. Udongo ukiwa na maji mengi, tabaka la chini hutoka tumbo na ukuta huanguka. Udongo ukiwa mkavu mno, tabaka la juu haliungani na la chini, na mahali pale patakuwa na ufa. Na fundi akiwa na haraka, akaweka tabaka la tatu kabla la kwanza halijashika, kazi yote itamwangukia miguuni.

Tafadhali zishike siri hizo tatu kichwani: maji, kuungana, na kungoja. Maana mashine mpya ya zege inajenga kwa njia hiyo hiyo, tabaka juu ya tabaka. Tofauti ni kwamba mahali pa mikono imewekwa pampu, na mahali pa jicho la fundi imewekwa kompyuta.

2. ZEGE NI KITU GANI?

Zege ni mchanganyiko wa vitu vinne: saruji, mchanga, kokoto na maji. Vikichanganywa sawasawa vinakuwa kitu laini kinachoweza kumiminwa. Baada ya saa chache kinashika. Baada ya siku nyingi kinakuwa kama jiwe.

Watu wengi husema zege "limekauka". Usemi huo unatupotosha. Nguo hukauka, lakini zege hukomaa. Saruji ikikutana na maji, vitu hivyo viwili huungana na kufanya kitu kipya kigumu kinachoshika mchanga na kokoto pamoja. Kazi hiyo inahitaji maji. Maji yakiondolewa mapema na jua au upepo, zege hukoma kukua likiwa bado changa. Kwa hiyo fundi anayejua kazi hufunika zege kwa magunia na kulimwagilia kwa siku 7 au zaidi. Wahandisi nao hupima nguvu ya zege likiwa na siku 28.

Jambo jingine ni kipimo. Mchanganyiko unaotumika mara nyingi ni wa 1 kwa 2 kwa 4: saruji kipimo 1, mchanga vipimo 2, kokoto vipimo 4. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Ukitengeneza sanduku la mbao linaloingia lita 35, sanduku hilo ni sawa na mfuko mmoja. Basi kwa mfuko mmoja tia masanduku 2 ya mchanga na masanduku 4 ya kokoto.

Na maji? Hapa ndipo wengi huharibu. Kwa mfuko mmoja maji yasizidi lita 25 hivi, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo ya ndoo. Mchanga ukiwa umelowa, punguza. Saidia fundi aliyechoka hupenda kuongeza maji ili koleo liteleze. Kazi inakuwa rahisi siku ile, lakini nyumba inakuwa dhaifu maisha yake yote. Maji ya ziada yakishatoka huacha vitundu vidogo vidogo ndani ya zege, na zege lenye vitundu halina nguvu.

Haya si mambo ya mchezo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, likaua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo na kuua wengi. Majengo huanguka kwa sababu nyingi: msingi mbovu, nondo chache, kuongeza ghorofa bila kupima, au zege lisilo na kipimo. Karibu kila mara sababu ni mtu aliyejua lisemwalo akalipuuza, au mtu aliyepewa kazi asiyoijua.

3. MASHINE INAFANYAJE KAZI?

Sasa tuiangalie mashine yenyewe. Inaitwa printa ya zege, yaani mashine ya kuchapa nyumba. Ile iliyofanya kazi Malawi na Kilifi ilitengenezwa na kampuni ya COBOD ya nchi ya Denmark. Kampuni hiyo ilianza kwa kuchapa jengo dogo katika mji wa Copenhagen mwaka 2017.

Fikiria goli mbili za mpira zilizosimama zikitazamana, na juu yake kuna vyuma vinavyoziunganisha. Nyumba itajengwa katikati ya goli hizo. Juu ya vyuma hivyo unaning'inia mdomo wa mashine. Mdomo huo unaweza kwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Bomba linaleta mchanganyiko wa zege kutoka kwenye pampu, na mdomo unautoa kama vile mama anavyokamua dawa ya meno kwenye mswaki. Mstari wa zege unalala chini. Mdomo unazunguka mpaka mwanzo, unapanda kidogo, halafu unaweka mstari mwingine juu ya ule wa kwanza.

Mtu atauliza: mashine inajuaje mahali pa mlango? Haijui kitu. Inafuata maagizo. Mchoraji huchora nyumba ndani ya kompyuta. Kisha programu, yaani orodha ya maagizo ya kompyuta, huikata nyumba ile vipande vyembamba kama mtu anavyokata mkate. Kila kipande ni tabaka moja. Kwa kila tabaka programu inaandika: anzia hapa, nenda mita 4, pinda kulia, ruka mlango, endelea. Mchoraji akikosea mlango kwenye mchoro, mashine itajenga kosa lile kwa utii mkubwa mpaka juu. Haina aibu wala haiulizi.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme ukuta una kimo cha mita 3, na kila tabaka lina unene wa sentimita 2. Mita 3 ni sentimita 300. Gawanya 300 kwa 2, unapata matabaka 150. Tuseme mdomo hutumia dakika 5 kuzunguka nyumba mara moja. Zidisha 150 kwa 5, unapata dakika 750. Gawanya kwa 60, unapata saa 12 na nusu. Umeona? Ukijua kugawanya na kuzidisha, unaweza kuikadiria kazi ya mashine ukiwa umekaa chini ya mwembe.

Mchanganyiko wa mashine hii si ule wa karai. Lazima uwe laini wa kutosha kupita kwenye bomba bila kuziba. Ukishatoka, lazima usimame wenyewe bila mbao za kuuzuia. Tena lazima ushike upesi ili ubebe tabaka linalofuata, lakini usishike upesi mno, maana tabaka la juu halitaungana nalo. Unaona, ndugu? Ni zile siri tatu za tembe: maji, kuungana, na kungoja. Kwa sababu hiyo mashine hizi mara nyingi hutumia mchanga mwembamba, dawa maalum, na saruji nyingi kuliko zege la kawaida. Saruji nyingi ni gharama. Tena viwanda vya saruji hutoa moshi na hewa chafu nyingi inayozidisha joto duniani.

4. SALIMA, KILIFI NA FIANARANTSOA

Katika mwaka 2021 wanafunzi waliingia katika shule ndogo wilayani Salima, nchini Malawi, ambayo kuta zake zilichapwa na mashine hiyo. Kazi ilifanywa na kampuni ya 14Trees. Kampuni hiyo ilianzishwa na kampuni kubwa ya saruji ya Holcim ikishirikiana na shirika la fedha la serikali ya Uingereza, lililoitwa CDC wakati huo. Kampuni ilisema kuta zilichapwa kwa muda wa saa 18 tu.

Baadaye mashine ya kampuni hiyo ilifanya kazi Kilifi. Hapo ulipangwa mtaa wa nyumba 52 unaoitwa Mvule Gardens, kwa jina la mti wetu mvule. Mapema mwaka 2023 ilitangazwa kwamba nyumba 10 za kwanza zilichapwa kwa wiki 10, kwa kutumia mashine moja.

Madagaska nako, katika mji wa Fianarantsoa, shule ilijengwa mwaka 2022. Huko haikutumika mashine ya magoli, ulitumika mkono wa roboti. Roboti ni mashine inayofanya kazi kwa kufuata programu, na mkono wake unapinda kama kiwiko cha mtu. Mkono huo ulichapa kuta. Paa, milango na madirisha vilitengenezwa kwa vifaa vya kule kule.

Sasa tusome vizuri, maana kusoma si kutamka herufi tu. Imeandikwa "kuta zilichapwa kwa saa 18". Haikuandikwa "shule ilijengwa kwa saa 18". Kuta ni sehemu moja ya nyumba. Kabla ya kuta kuna msingi, na mashine haichimbi msingi. Ndani ya kuta kuna mahali pa kuwekwa nondo, na nondo huwekwa na mikono ya watu. Juu ya kuta kuna lenta, kenchi na bati. Kuna milango, madirisha, sakafu, choo, na mahali pa kukinga maji ya mvua. Kazi zote hizo zinataka fundi.

Tena mashine ina madai yake. Inataka umeme usiokatika, maana zege likigandia ndani ya bomba ni hasara. Inataka njia nzuri ya kuileta na watu waliofundishwa kuiongoza. Bei yake ni mamia ya mamilioni ya shilingi. Kijiji kinachojenga madarasa mawili kwa michango hakiwezi kuinunua, wala hakina sababu ya kujuta. Mashine ya namna hiyo inarudisha gharama zake inapojenga nyumba nyingi za mfano mmoja mahali pamoja.

Na jua la Tabora je? Ukuta uliotoka kwenye mdomo wa mashine hauna mbao za kuufunika. Uso wake wote uko wazi kwa upepo na jua tangu dakika ya kwanza. Kumbuka tulivyosema kwamba zege likipoteza maji mapema linakoma kukua, tena linapasuka. Katika mwezi wa Septemba huku kwetu, ukuta wa namna hiyo usipofunikwa na kunyunyiziwa utapata nyufa hata kabla ya kuezekwa. Hapo itabidi awepo mtu wa kuutunza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, hata kama ukuta huo ulijengwa na roboti.

5. WASWISI WAMEFANYA NINI?

Katika nchi ya Uswisi wapo wataalamu wa chuo kikuu cha ETH kilichopo Zürich ambao wamelishughulikia jambo hili kwa njia nyingine. Wao waliuliza: gharama kubwa ya zege iko wapi? Mara nyingi iko kwenye mbao za boksi, zile zinazopigwa misumari ili zege limiminwe ndani. Mbao zinakatwa, zinatumika, kisha nyingi zinakuwa kuni. Na kwa sababu mbao zimenyooka, tunajenga vitu vilivyonyooka hata mahali ambapo zege halihitajiki.

Mwaka 2019 wataalamu hao walifungua nyumba iitwayo DFAB House huko Dübendorf, karibu na Zürich. Roboti mmoja alitembea penye ujenzi kwa magurudumu ya mnyororo, kama ya katapila. Aliunga vyuma kimoja kimoja akafuma wavu wa ukuta uliopinda. Wavu huo ulikuwa nondo, tena ulikuwa boksi la kushika zege. Dari ya nyumba hiyo ilimiminwa katika maboksi yaliyochapwa na mashine nyingine. Dari ina ukubwa wa mita za mraba 80, na uzito wake ni tani 15.

Tufanye hesabu tena. Dari ya kawaida yenye unene wa sentimita 20 na ukubwa huo huo ingekuwa na mita za ujazo 16. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa tani 2 na kilo 400 hivi. Zidisha kwa 16, unapata tani 38 na zaidi. Basi dari ya Waswisi ina uzito usiofika nusu. Zege limewekwa pale tu penye kazi ya kubeba, kama mfupa wa mwili. Saruji kidogo, mzigo mdogo kwa ukuta na msingi.

Mwezi wa Mei 2025 ulifunguliwa mnara mweupe wenye kimo cha mita 30 katika Mulegns, kijiji kidogo cha milimani ambacho watu wake wamebaki wachache sana. Nguzo zake zilichapwa na roboti. Wenyeji walitumaini kwamba mnara huo utavuta wageni na kijiji kisife. Hapa tunaona jambo la maana: wenye kijiji walijua wanaitaka mashine kwa kazi gani.

6. WAPAGAZI NA GARI MOSHI

Si mara ya kwanza kwa watu wa Tabora kuona mashine ikichukua kazi. Tukumbuke wapagazi.

Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Mizigo yote ilibebwa na watu. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, na kutoka pwani mpaka Tabora ilikuwa safari ya miezi miwili au mitatu. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo. Walijua njia, visima, majira ya mvua na mahali pa kupata chakula. Kwa kuwa walijua, waliweza kusimama mbele ya mwenye msafara wakapatana ujira. Asiyekubali alitua mzigo.

Kisha Wajerumani wakajenga reli ya kati. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Gari moshi moja lilibeba mizigo ya maelfu ya wapagazi. Kazi ya msafara ikafa. Wapagazi hawakuulizwa neno. Ujuzi wao wa njia, ambao ulikuwa mali yao, ukawa hauna mnunuzi.

Lakini reli yenyewe ilitaka watu. Ilitaka wa kutandika mataruma, wa kukaza boliti, wa kuendesha, wa kuandika stoo, wa kusoma ishara. Reli ya Mwanza ilipounganishwa mwaka 1928 Tabora ikawa njia panda ya treni. Waliopata kazi nzuri ni wale waliojua kusoma, kuandika na kuhesabu, au waliojifunza ufundi. Wengine walibaki kuwa vibarua wa kubeba tu. Mwaka 2021 ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga kipande cha reli mpya ya kisasa kutoka Makutupora mpaka Tabora. Mataruma ya reli hiyo mpya ni ya zege, na hutengenezwa kiwandani kwa mashine. Swali linatujia tena kwa mara ya pili katika njia ile ile.

Je, tutangoja tuambiwe, kama wapagazi? Au tutajitayarisha?

7. SISI TUFANYE NINI?

Kwanza, tusisimamishe ujenzi wetu kwa kungojea mashine ya ng'ambo. Darasa linatakiwa mwaka huu. Mtoto anayesomea chini ya mti hawezi kungoja roboti.

Pili, tutumie mashine zinazolingana na mfuko wetu. Kwa miaka mingi Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulifundisha matumizi ya matofali ya kufungamana. Udongo unachanganywa na saruji kidogo, unatiwa katika mashine ya mkono, unakandamizwa. Tofali halichomwi. Linatunzwa kivulini kwa maji, kisha linapangwa kwa kushikana na mwenzake, na udongo wa katikati au saruji ya kuunganishia inapungua sana. Faida yake kubwa kwetu ni miti. Tanuru la matofali linakula kuni, na mabani ya tumbaku nayo yanakula kuni. Miyombo na mininga yetu haiwezi kulisha matumbo yote hayo.

Tatu, mafundi wetu wajifunze mambo ambayo mashine haiwezi kuwanyang'anya. Fundi ajue kusoma mchoro. Ajue kupima kwa sanduku, si kwa kukisia. Ajue kupanga nondo na kumwagilia zege. Ajue kuandika daftari la kazi: mifuko mingapi imeingia, siku gani zege limemiminwa, siku gani mbao zimetolewa. Fundi wa namna hii mashine ikija atakuwa msimamizi wake. Fundi anayejua kubeba karai tu, ndiye atakayeondolewa kwanza. Tunasema hivyo bila kumdharau mbeba karai. Tunasema ili mwanawe, au yeye mwenyewe, aingie darasani kungali mapema. VETA na shule za ufundi zina kazi kubwa hapa, na sisi wazazi tuna kazi ya kuwapeleka vijana, wa kike na wa kiume.

Nne, kampuni yo yote ikija kijijini na mashine, mkutano wa kijiji uulize maswali kabla ya kupiga makofi. Vijana wetu wangapi watafundishwa kuiongoza? Saruji na mchanganyiko wake vitatoka wapi? Ukuta ukipasuka baada ya miaka mitatu, nani atauziba, na kwa vifaa gani? Gharama ya nyumba nzima ni kiasi gani, siyo ya kuta peke yake? Majibu yaandikwe na yasomwe mbele ya watu wote.

Ndugu wasomaji, ukuta wa tembe la Kwihara ulijengwa na watu waliojua udongo wao. Ukuta wa Kilifi ulijengwa kwa mashine, lakini nyuma ya mashine wako watu waliojua zege lao. Nasi tujue letu, tangu ndoo ya maji na kuendelea.

MANENO YA KUKUMBUKA

Zege: mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji.
Lenta: mkanda wa zege na nondo unaozunguka nyumba juu ya madirisha na milango.
Boksi: mbao zinazofungwa ili kushika zege mpaka lishike.
Programu: orodha ya maagizo ambayo kompyuta au mashine huyafuata.
Roboti: mashine inayofanya kazi yenyewe kwa kufuata programu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini si sahihi kusema zege "limekauka"?
2. Fundi ana mifuko 6 ya saruji. Maji yasizidi lita ngapi? Hizo ni ndoo ngapi za lita 20?
3. Ukuta una kimo cha mita 2 na sentimita 40. Tabaka moja lina sentimita 2. Mashine itaweka matabaka mangapi?
4. Taja kazi tano za ujenzi wa nyumba ambazo mashine ya kuchapa kuta haifanyi.
5. Wapagazi walipoteza kazi reli ilipofika. Mafundi wa kijiji chenu wafanye nini sasa ili yasiwapate kama yale?
6. Katika kijiji chenu, ni jengo gani lina nyufa? Nendeni mkaliangalie pamoja, mjadili sababu yake, na mwandike mtakachofanya.